Joto la Ghafla si Malaria: Maswali ya Akina Mama Kuhusu Ukomo wa Hedhi na Dawa za Homoni

Kila mwanamke anayejaliwa umri mrefu hufika siku ambapo hedhi yake hukoma. Jambo hili si ugonjwa, si laana, wala si adhabu ya kosa lolote. Hata hivyo, akina mama wengi hufika huko bila kuelezwa neno, na taabu wanazozipata hupewa majina mengine: malaria, presha, mawazo mengi, na wakati mwingine hata uchawi.

Somo la wiki hii tunalielekeza kwa akina mama wa Sironga na sehemu nyingine za kaunti za Nyamira na Kisii, ingawa mwenzao wa Machakos au Mombasa pia atajiona humu. Kwanza tutaeleza kinachotokea mwilini na jinsi ya kukitofautisha na maradhi. Kisha tutajibu maswali kuhusu dawa za homoni, ambazo habari zake zimewachanganya wengi kwa zaidi ya miaka 20.

NINI HUTOKEA MWILINI?

Mtoto wa kike huzaliwa na mayai yake yote ya uzazi. Hatengenezi mengine baadaye. Mayai hayo huhifadhiwa katika ovari mbili zilizo kando ya nyumba ya uzazi, na ovari hizo ndizo hutoa homoni ziitwazo estrojeni na projesteroni. Umri unaposonga mayai hupungua, na ovari huanza kutoa homoni kwa vipimo visivyo sawa: mwezi huu nyingi, mwezi ujao kidogo. Ndiyo maana hedhi huanza kuyumba. Huja mapema, huchelewa, huwa nzito au huwa nyepesi, na mwishowe hukatika kabisa.

Daktari husema kuwa mwanamke amefikia ukomo wa hedhi baada ya kukaa miezi 12 mfululizo bila kuona damu, ikiwa hakuna sababu nyingine. Kwa wanawake wengi duniani hilo hutokea kati ya miaka 45 na 55. Utafiti uliofanywa mashambani katika magharibi ya Kenya na kuchapishwa mwaka 1997 ulionyesha kuwa huko umri wa katikati ulikuwa takriban miaka 48. Hedhi ikikatika kabla ya miaka 40 hilo si la kawaida, na mwanamke huyo anahitaji kuchunguzwa hospitalini bila kukawia.

Akina mama wanaotumia sindano ya kupanga uzazi ya miezi mitatu, au vijiti vinavyowekwa mkononi, hawawezi kutegemea hedhi kama ishara. Njia hizo zenyewe huweza kuifanya damu isionekane kwa muda mrefu. Mama wa namna hiyo atazame umri wake na dalili nyingine.

SI KILA JOTO NI MALARIA

Dalili inayojulikana zaidi ni joto la ghafla. Huanzia kifuani au shingoni, likapanda usoni, moyo ukadunda kwa kasi, kisha jasho likatoka. Baada ya dakika chache hupita, na mara nyingi huacha baridi na kutetemeka. Likija usiku, mama huamka akiwa ameloa, akatupa blanketi, halafu akalitafuta tena baada ya muda mfupi.

Sababu yake iko kichwani. Ndani ya ubongo kuna sehemu inayopima joto la mwili, mithili ya kidhibiti cha pasi ya umeme. Estrojeni ikipungua, kidhibiti hicho huwa chepesi mno kushtuka. Mabadiliko madogo tu ya joto huufanya ubongo uamini kuwa mwili unaungua, ukafungua mishipa ya ngozi na kuamuru jasho litoke. Ndiyo maana mama hutokwa na jasho hata usiku wa baridi ya Nyamira, huku waliolala naye wamejifunika hadi masikioni.

Mama wa miaka 48 anayeamka saa nane usiku akiwa na jasho na kutetemeka, neno la kwanza linalomjia ni malaria. Hatumlaumu. Nyanda za juu za Kisii zilikumbwa na milipuko mikali ya malaria katika miaka ya 1990, na wengi wanakumbuka wodi zilivyojaa. Lakini mwenye mazoea ya kununua dawa za malaria dukani kila joto linapompanda anapoteza fedha, anameza dawa asizozihitaji, na tatizo lake linabaki pale pale.

Tofauti ni hizi. Homa ya malaria hudumu kwa saa nyingi, na kipimajoto huonyesha kuwa joto la mwili limepanda. Huandamana na maumivu ya kichwa, viungo kuuma, kutapika au kukosa hamu ya chakula. Joto la ukomo wa hedhi hupita baada ya dakika chache, kipimajoto hakionyeshi homa, na kati ya joto moja na jingine mama huwa mzima na kuendelea na kazi zake. Hata hivyo, usijipime kwa macho tu. Mwongozo wa tiba nchini Kenya unataka mtu apimwe damu kabla ya kupewa dawa za malaria. Kipimo kikionyesha kuwa huna malaria, usitafute dawa zake mahali pengine. Uliza swali la pili: je, huenda ni hedhi inayokoma?

Pia si kila jasho la usiku ni ukomo wa hedhi. Jasho linaloandamana na kikohozi cha zaidi ya wiki mbili na kupungua uzito laweza kuwa kifua kikuu. Tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi huleta joto, moyo kudunda na kukonda. Virusi vya Ukimwi navyo huweza kuleta jasho la usiku. Kwa hiyo mama mwenye dalili hizo apimwe, hata kama umri wake unaonyesha kuwa hedhi iko ukingoni.

DALILI NYINGINE

Wanawake hawafanani. Wapo wanaopita kipindi hiki bila kuona lolote isipokuwa hedhi kukatika. Wapo wanaosumbuka kidogo. Wapo pia wanaoteseka kiasi cha kushindwa kufanya kazi. Dalili ni nyingi: kukosa usingizi, hasira za haraka, huzuni, kusahausahau, maumivu ya viungo, moyo kwenda mbio, ngozi kukauka, kwenda haja ndogo mara kwa mara, ukavu ukeni na maumivu wakati wa tendo la ndoa.

Mama anayechuma chai tangu alfajiri akiwa na kikapu mgongoni atasema maumivu ya mgongo na magoti yanatokana na kazi, na pengine ni kweli. Mwalimu anayesahau majina ya wanafunzi atasema amechoka. Mfanyabiashara wa ndizi atasema hasira zake zinaletwa na wateja. Lakini mambo haya yakija kwa pamoja, baada ya miaka 45, hedhi nayo ikianza kuyumba, yafaa kuyatazama kama jambo moja.

Dalili hizi hudumu kwa muda gani? Wengi huambiwa ni za mwaka mmoja au miwili. Uchunguzi mkubwa uliowafuatilia wanawake wa Marekani kwa miaka mingi, na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2015, ulionyesha kuwa joto la ghafla lilidumu kwa muda wa katikati wa miaka 7.4. Kwa wanawake weusi miongoni mwao muda huo ulikuwa miaka 10.1. Kumwambia mama avumilie tu ni kumwambia avumilie kwa miaka mingi.

KWA NINI HATUAMBIANI?

Katika jamii ya Abagusii kuna adabu iitwayo chinsoni, yaani aibu na heshima kati ya wazazi na watoto wao. Mama hazungumzi mambo ya mwili na ndoa mbele ya mwanawe, wala mbele ya mke wa mwanawe. Adabu hii ina faida zake, lakini ina gharama pia. Mama anayesumbuka hawezi kumweleza binti yake, na binti naye atafika umri huo bila kujua mama yake alipitia nini.

Hata hivyo, mila hiyo hiyo iliacha mlango wazi. Nyanya na mjukuu hawabanwi na aibu hiyo, wao hutaniana na kusemezana mengi. Wanawake wa rika moja pia huweza kuambiana. Vyama vya akina mama, makundi ya kanisani na mikutano ya wahudumu wa afya vijijini ni mahali pazuri pa kuanzisha mazungumzo haya bila kuvunja heshima ya mtu.

Ukimya huu waweza kuleta madhara makubwa. Mnamo Oktoba 2021 wanawake wanne wazee waliuawa na umati huko Marani, Kaunti ya Kisii, kwa kushukiwa kuwa wachawi. Hatusemi kwamba mauaji hayo yalitokana na ukomo wa hedhi. Tunasema kwamba mahali ambapo mwanamke mzee hushukiwa kwa urahisi, mama anayetoka nje usiku kutafuta hewa kwa sababu ya joto, asiyelala, au anayesahau mambo, hana budi kuogopa kueleza hali yake. Familia inayojua kuwa hizi ni dalili za mwili itamlinda. Isiyojua huweza kuwa ya kwanza kumnong'onezea jirani.

DAWA ZA HOMONI: ZILITOKA WAPI?

Kwa kuwa shida hutokana na upungufu wa estrojeni, wataalamu waliona kuwa suluhisho ni kuirudisha. Vidonge vya Premarin, vinavyotengenezwa kutokana na mkojo wa farasi wenye mimba, vilianza kuuzwa Marekani mwaka 1942. Katika miaka ya 1960 vilisifiwa kana kwamba ni dawa ya kurudisha ujana.

Mwaka 1975 ikabainika kuwa mwanamke mwenye nyumba ya uzazi akitumia estrojeni peke yake, hatari ya saratani ya ukuta wa nyumba hiyo huongezeka. Tangu hapo mwanamke wa aina hiyo hupewa estrojeni pamoja na homoni ya jamii ya projesteroni ili kuulinda ukuta huo.

Kishindo kikubwa kilitokea Julai 2002. Utafiti wa Marekani uliowahusisha wanawake 16,608 wa miaka 50 hadi 79 ulisimamishwa kabla ya wakati wake. Waliotumia mchanganyiko wa homoni hizo walipata saratani ya matiti, kiharusi, maradhi ya moyo na kuganda kwa damu zaidi kuliko wenzao waliomeza vidonge visivyo na dawa. Magazeti ya dunia nzima yaliandika, na mamilioni ya wanawake wakaacha dawa kwa hofu.

Lakini msomaji atazame hesabu yenyewe. Kwa kila wanawake 10,000 waliotumia mchanganyiko huo kwa mwaka mmoja, waliopata saratani ya matiti walizidi kwa 8, na waliopata kiharusi walizidi kwa 8. Kwa upande mwingine, waliovunjika nyonga walipungua kwa 5, na waliopata saratani ya utumbo mpana walipungua kwa 6. Zaidi ya hayo, wastani wa umri wa wanawake hao ulikuwa miaka 63. Wengi wao walianza dawa miaka mingi baada ya hedhi kukoma.

Uchambuzi uliofuata ulionyesha kuwa mwanamke mwenye afya aliye chini ya miaka 60, au ambaye hedhi yake imekoma kwa muda usiozidi miaka 10, kwa kawaida hupata faida nyingi kuliko madhara akiwa na dalili zinazomsumbua. Novemba 2025 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitangaza kuyaondoa maonyo makali kuhusu moyo na saratani ya matiti yaliyokuwa yamebandikwa kwenye dawa hizi tangu 2003. Onyo kuhusu saratani ya ukuta wa nyumba ya uzazi, kwa estrojeni inayotumiwa peke yake, lilibaki.

Kwa ufupi, homoni si sumu na si maji ya uzima. Ni dawa, na kama dawa nyingine yoyote ina wanaofaa na wasiofaa.

MASWALI NA MAJIBU

Swali: Je, kila mwanamke anahitaji homoni?

Jibu: La. Mwanamke asiyesumbuliwa na dalili hana haja ya kutumia dawa ili kuzuia uzee. Homoni hupewa yule ambaye joto, kukosa usingizi au ukavu vimemharibia maisha, na pia yule ambaye hedhi yake ilikatika mapema mno. Huyo wa pili, ikiwa hana kizuizi, kwa kawaida hushauriwa atumie angalau hadi umri wa kawaida wa hedhi kukoma, kwa sababu kukosa estrojeni akiwa kijana hudhoofisha mifupa na moyo.

Swali: Ni nani asiyefaa kuzitumia?

Jibu: Mwanamke aliyewahi kupata saratani ya matiti, aliyepata kiharusi au mshtuko wa moyo, aliyewahi kuganda damu katika mishipa ya miguu au mapafu, mwenye ugonjwa mkali wa ini, au anayetokwa na damu ukeni ambayo chanzo chake hakijajulikana. Mwenye shinikizo la damu lililopanda kwanza atibiwe lishuke. Mama mwenye mimba pia hahusiki.

Swali: Nilitolewa nyumba ya uzazi hospitalini. Nami nimo katika somo hili?

Jibu: Ndiyo. Ikiwa ovari zilitolewa pamoja nayo, hedhi hukoma siku hiyo hiyo, na dalili huja kwa kishindo. Ikiwa ovari ziliachwa, hutaona damu, lakini homoni zitaendelea mpaka wakati wake. Mwanamke asiye na nyumba ya uzazi kwa kawaida hupewa estrojeni peke yake. Uliza kilichotolewa, na uihifadhi karatasi ya hospitali.

Swali: Vidonge, kibandiko au krimu, kuna tofauti gani?

Jibu: Vidonge humezwa na kupitia kwenye ini, na ndivyo huongeza kidogo hatari ya damu kuganda. Kibandiko au jeli ya ngozini hupeleka estrojeni moja kwa moja kwenye damu, na tafiti hazijaonyesha ongezeko kama hilo kwa kipimo cha kawaida. Krimu au kidonge kidogo cha kuweka ukeni hutibu ukavu na maumivu ya mahali hapo tu. Kiasi kinachoingia kwenye damu ni kidogo sana, na mara nyingi hakihitaji projesteroni ya kusindikiza. Si kila duka la dawa lina aina zote hizi, na bei hutofautiana, kwa hiyo uliza kabla ya kuanza kama utaweza kuendelea nazo.

Swali: Dada yangu anatumia vidonge vya kupanga uzazi. Naweza kumeza vyake?

Jibu: Usifanye hivyo. Vidonge vingi vya kupanga uzazi vina homoni zenye nguvu kuliko zile za ukomo wa hedhi, na mwanamke mwenye umri mkubwa anayevuta sigara au mwenye presha huweza kudhurika. Dawa ya mtu mmoja si ya jirani.

Swali: Hedhi yangu imepotea kwa miezi minne. Naweza kupata mimba?

Jibu: Ndiyo, inawezekana. Ovari huweza kuamka tena. Wengi huona aibu kuzaa wakati mmoja na mke wa mtoto wao, lakini mwili haujui aibu hiyo. Mwanamke wa chini ya miaka 50 hushauriwa kuendelea kupanga uzazi kwa miaka miwili baada ya hedhi ya mwisho, na wa zaidi ya miaka 50 kwa mwaka mmoja. Kumbuka pia kuwa dawa za homoni za ukomo wa hedhi hazizuii mimba.

Swali: Natumia dawa nyingine. Kuna shida?

Jibu: Huenda ipo. Rifampisini ya kifua kikuu na baadhi ya dawa za kifafa hupunguza nguvu ya homoni. Baadhi ya dawa za kupunguza makali ya Ukimwi pia hugongana nazo. Mweleze daktari kila dawa unayotumia, pamoja na miti shamba.

Swali: Nikianza, nitatumia maisha yangu yote?

Jibu: Hakuna idadi moja ya miaka kwa wote. Daktari huanza na kipimo kidogo kinachotosha, kisha hukutazama baada ya miezi mitatu hivi, halafu kila mwaka. Kila mwaka mnaulizana: je, dalili bado zipo? Je, afya imebadilika? Hatari ya saratani ya matiti kwa mchanganyiko wa homoni hizi huongezeka kadiri miaka ya kuutumia inavyozidi. Ukitumia dawa hizi na mguu mmoja ukavimba na kuuma, au ukapata maumivu ya kifua na pumzi kukatika ghafla, kimbia hospitalini.

ASIYEWEZA AU ASIYETAKA HOMONI

Mama wa aina hii hajafungiwa mlango. Zipo dawa zisizo za homoni zinazopunguza joto la ghafla, kama venlafaksini na paroksetini, ambazo pia hutibu ugonjwa wa huzuni, na gabapentini. Zote huandikwa na daktari. Anayetumia tamoksifeni kwa ajili ya saratani ya matiti asipewe paroksetini, kwa kuwa hupunguza nguvu ya dawa hiyo. Mazungumzo ya ushauri nasaha na mtaalamu nayo yameonyesha kusaidia usingizi na kupunguza jinsi joto linavyomsumbua mtu.

Nyumbani kuna mengi ya kufanya bila gharama. Vaa nguo nyepesi za pamba, moja juu ya nyingine, ili uweze kuvua moja joto likija. Lala na blanketi mbili nyembamba badala ya moja nzito. Weka maji ya kunywa karibu na kitanda. Angalia kama pilipili, pombe, chai au kahawa ya moto huliamsha joto, na ukiona hivyo, punguza. Sigara iache kabisa.

Kwa ukavu ukeni, jeli ya kulainisha yenye asili ya maji husaidia. Usitumie mafuta ya kujipaka ikiwa mnatumia kondomu, kwani huichana.

Mifupa nayo ikumbukwe. Baada ya hedhi kukoma, mifupa hupoteza nguvu kwa haraka, na mama akiteleza kwenye mteremko wenye tope huweza kuvunjika mkono au nyonga. Hapa Abagusii wana utajiri wao: wimbi lina madini mengi ya kalsiamu, vivyo hivyo maziwa na omena anayeliwa na mifupa yake. Chinsaga na mboga nyingine za kienyeji ziongezwe kwenye obokima ya wimbi. Kupanda vilima kwa miguu ni mazoezi mazuri kwa mifupa.

Kuhusu miti shamba, hatutaki kudharau ujuzi wa wazee. Lakini dawa isiyojulikana kipimo chake huweza kuumiza ini au figo, na anayekuuzia chupa yenye kutibu maradhi 40 huenda hatibu hata moja.

ISHARA YA HATARI

Jambo hili lishikwe kuliko yote. Mwanamke aliyekaa mwaka mzima bila hedhi, kisha akaona damu, hata tone moja, asifurahi kuwa ujana umerudi. Aende hospitalini wiki hiyo hiyo. Mara nyingi sababu huwa ndogo, lakini yaweza kuwa saratani ya mlango wa nyumba ya uzazi au ya ukuta wake. Saratani ya mlango wa nyumba ya uzazi ndiyo inayoongoza kwa kuua wanawake kati ya saratani zote nchini Kenya, na ikigunduliwa mapema hutibika. Damu baada ya tendo la ndoa, au uchafu wenye harufu mbaya, navyo visifichwe.

UKIENDA KUMWONA DAKTARI

Anza na zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Kukihitajika daktari bingwa wa magonjwa ya akina mama, uombe kuandikiwa barua ya kwenda Hospitali ya Rufaa ya Kaunti mjini Nyamira, au Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii. Ikiwa umepita miaka 45 na dalili ziko wazi, kwa kawaida huhitaji kipimo ghali cha homoni ili kujua kuwa hedhi inakoma. Umri na maelezo yako hutosha. Fedha hizo zitumie kupimwa shinikizo la damu, sukari, na saratani ya matiti na ya mlango wa nyumba ya uzazi.

Kabla ya kutoka nyumbani, andika mambo haya kwenye karatasi:

1. Tarehe ya hedhi yako ya mwisho, na jinsi ilivyokuwa ikiyumba.

2. Joto hukupata mara ngapi kwa siku, na huamka mara ngapi usiku.

3. Kama bado una nyumba ya uzazi na ovari.

4. Magonjwa uliyowahi kupata, hasa saratani, kiharusi, moyo, ini na damu kuganda, na yale yaliyo katika ukoo wenu.

5. Dawa zote unazotumia, za hospitali na za kienyeji, pamoja na njia ya kupanga uzazi.

6. Swali moja unalotaka lijibiwe kabla hujaondoka.

Ukiona haya kumweleza daktari wa kiume, omba muuguzi wa kike, au mpe tu karatasi hiyo aisome mwenyewe. Hakuna chinsoni kati ya mgonjwa na mganga wake.

Kwa waume, neno letu ni fupi. Mke anayekataa tendo la ndoa kwa sababu ya maumivu hajakuchoka, na anayekasirika upesi huenda hajalala kwa wiki tatu. Mpeleke hospitalini kama vile ungempeleka akivunjika mguu, na umsaidie nauli na kazi za nyumbani.

Mwanamke anayefika hedhi kukoma akiwa na miaka 48 huenda bado ana miaka 30 au zaidi ya kulima, kufanya biashara, kulea wajukuu na kuitwa omong'ina kwa heshima. Miaka hiyo ni mingi mno kuipitisha bila usingizi, ilhali msaada upo na kinachotakiwa ni kuuliza.